Nazi Iliyovaa Sweta

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Nimwaka nilikuwa uani, nimekalia mbuzi, nakuna nazi za wali wa hitima. Mikono ilikuwa inaniuma mpaka mabegani, na jirani mmoja alikuwa anaeleza kwa mara ya nne vile alivyomuona marehemu akinunua samaki siku mbili kabla, mzima kabisa, anagombana na muuzaji. Nimeinama kuchukua nazi nyingine, nasikia mtu ananiita kutoka mlangoni: "Mejumaa, njoo ndani." Alikuwa Mwanasha, mkwe wa marehemu. Hata aliyekuwa akipepeta mchele akasimamisha ungo. Wewe usiyejua utauliza kuna ajabu gani mtu kuitwa jina lake. Ajabu ni kwamba Mwanasha hakuwa amelitamka jina hilo kwa miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tukikutana sokoni ananiambia "hujambo" kavu, ile ya kumwambia mtu anayekupisha njia, nami namjibu "sijambo" kavu vilevile, kila mtu anachukua mchicha wake anakwenda. Kwa hiyo nilishtuka, nikainuka na nazi yangu mkononi, nzima, hata sijaivunja, nikaingia nayo ndani kama mtu anayepeleka zawadi.

Chumba cha Bi Nimwaka kilikuwa vilevile. Kitanda cha kamba, kioo kilichoingia madoadoa, harufu ya udi na ya dawa ya kuchua miguu. Sanduku lake la bati lilikuwa wazi sakafuni na Mwanasha amekaa kando yake, leso amezipanga mafungu mafungu za kugawa. Mapajani kwake kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kijani, kimekunjwa vizuri. Nilikijua kabla sijakaribia. Mikono iliyokifuma ndiyo hii ninayoandikia.

"Hii si ile?" akaniuliza.

"Ndiyo ile."

"Si ilichomwa moto?"

"Mimi niliambiwa imechomwa. Wewe uliambiwaje?"

"Imechomwa."

Tukatazamana. Watu wawili tumeambiwa uongo mmoja na mtu mmoja, na mwenyewe tumemzika juzi. Sikuigusa ile sweta. Nilikaa chini kwenye mkeka na nazi yangu mapajani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha darasa la nane chini ya godoro, na kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya Mama Njoki karibu na stendi ya Msambweni. Nilipanga chumba kwenye nyumba hii hii ya Bi Nimwaka. Mwanasha ndiye aliyenitafutia. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la pili, yeye ananipa majibu ya hesabu, mimi nampa kicheko, na alipoolewa na mtoto wa Bi Nimwaka, dereva wa lori la ng'ombe anayelala Samburu zaidi ya anavyolala kwake, alitaka awe na mtu wa kucheka naye. Chumba changu kilikuwa mwisho, karibu na jiko. Cha Mwanasha kilifuata, cha Bi Nimwaka kilikuwa mbele. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Zilikoma usawa wa kichwa cha mtu mrefu na kuanzia hapo ni hewa mpaka makuti. Ukipiga chafya mimi nakuombea dua nikiwa kitandani kwangu. Nilijua Bi Nimwaka anasema nini akivua viatu, nilijua Mwanasha akigeuka kitandani. Jioni tulikula pamoja watatu kwenye sinia moja, muhogo wa nazi na dagaa, au wali na mchuzi wa papa mkavu, na Bi Nimwaka alikuwa na mtindo wa kusukuma kipande kizuri upande wa Mwanasha kwa kidole kimoja, kisha akatazama kwingine kana kwamba kimejiendea chenyewe.

Mwaka uliotangulia, kabla sijahamia pale, Mwanasha alikuwa amezaa mtoto wa kiume. Mvua za masika zilikuwa zimeshika kweli kweli, makuti yanavuja, na mtoto aliishi siku tano. Mimi nilikwenda matangani nikakaa mlangoni, nikasikia maneno mawili ambayo mpaka leo sijayapatanisha. Muuguzi aliyekuja kutoa pole alimwambia mtu, polepole, kwamba ni kifua, mtoto alipata baridi. Na nyuma yangu mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Mtoto hajaja, nguo zishapangwa kabatini, vikofia, visoksi. Mbona asichukuliwe?" Kwetu mtoto hawekewi nguo kabla hajazaliwa. Akitoka anafungwa kipande cha leso ya zamani ya bibi yake, iliyofuliwa mpaka ikalainika, nguo mpya zije baadaye akishakubali kukaa. Mwanasha alikuwa amenunua mapema kwa furaha zake tu. Basi nikabaki na baridi upande mmoja na visoksi upande mwingine, sijui nimkamate nani.

Mwishoni mwa mwaka ule niliohamia, tulikuwa uani tunapukuchua mbaazi, Mwanasha akaniambia bila kuinua macho, "Nina miezi mitatu."

Nikafungua mdomo.

"Usicheke. Usiseme kitu. Mejumaa, mengine yote ufanyie mzaha, hili usilifanyie."

"Sifanyi."

"Apa."

"Wallahi sifanyi."

Akaendelea na mbaazi zake. Halafu akasema, kama anayezungumza na bakuli, "Nimehesabu. Atakuja kwenye mvua. Kama yule." Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu, niliyemwambia mwalimu mkuu mbele ya gwaride kwamba suruali yake imetangulia kustaafu, sikupata la kusema. Lakini pale pale nikaamua jambo. Mtoto huyu hatapata baridi. Na kwa kuwa nguo haziruhusiwi, itabidi nimtengenezee nguo bila kumtengenezea nguo. Sasa hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza.

Mama Njoki alikuwa mtu wa bara aliyekuja na mumewe zamani kwenye mashamba ya skimu, yale yaliyogawiwa na serikali, mume akafa, yeye akafungua hoteli. Asubuhi, sisi tunatokwa na jasho kwa kutazama jua tu, yeye anakaanga mahamri amevaa sweta nzito yenye vifungo vya kahawia vikubwa kama sarafu. Saa nane wateja wakipungua alikuwa anakaa nyuma kwenye kreti ya soda anafuma, sindano zinagongana tik tik tik, huku anamtukana mtu wa mkaa kwenye simu bila kukosea hata kitanzi. Nikamwomba anifundishe.

"Wewe? Ya nani?"

"Ya rafiki yangu. Mtoto wake."

"Ako na miezi ngapi?"

"Bado hajazaliwa."

"Ee, hapo sawa. Kwetu mtoto anatoka anapata nguo iko tayari, inamngoja. Si atoke uchi kama mwizi." Akanipa mabaki ya nyuzi zake, chungwa nyingi, kijani kidogo, na sindano mbili zilizopinda. Akanionyesha: unaingiza, unazungusha uzi, unavuta, unaachilia. Mikono yangu imezoea sufuria. Wiki ya kwanza nilifuma kitu ambacho Mama Njoki alikitazama pande zote mbili akauliza, "Hii ni mfuko ya viazi ama ni nini?" Akakifumua chote mbele ya macho yangu, uzi ukarudi kuwa mpira, nikaona maisha yangu ya wiki nzima yameliwa na dakika moja. Wiki ya pili nilipata mgongo. Ya nne nikapata kifua. Mkono wa kwanza ulitoka mrefu kuliko wa pili, Mama Njoki akasema ni sawa, mtoto atafaa kupanda minazi.

Kazi nilifanyia hotelini, lakini jioni nilibeba kila kitu kwenye mfuko nikakificha chini ya kitanda. Na nilijiwekea sheria, maana nilikuwa naogopa pia, usidhani sikuogopa. Niliamua mkono mmoja sitaushona. Nguo isiyo na mkono si nguo, ni kitambaa tu, na kitambaa hakijakatazwa. Siku mtoto atakapolia ndiyo nitaushona, dakika kumi, na hapo itakuwa nguo iliyotengenezwa baada ya kuzaliwa. Niliona nimewashinda wote, muuguzi na mama wa mlangoni na lolote linalosikiliza juu ya makuti.

Tabu ikawa kichwa. Nilikuwa nimefunga shingo ndogo ndogo hivi, inapendeza, Mama Njoki akaitazama akacheka mpaka akashika meza. "Na hiyo kichwa itapitia wapi? Mtoto ako na kichwa, wewe msichana!"

"Kikubwa kiasi gani?"

Akatazama huku na huku jikoni, akainua nazi iliyofuliwa, haina makumbi. "Kama hii. Enda ujaribu."

Nikaenda nayo nyumbani. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, nina zamu ya mchana, Bi Nimwaka kaenda dukani, Mwanasha kalala. Nikaivisha ile nazi sweta. Ikaingia tumboni, ikapanda, ikafika shingoni, ikakwama. Ilikuwa inachungulia kwenye kola kama mtu aliyefungiwa chooni anayetaka kuita majirani. Nilicheka peke yangu nikiwa nimejiziba mdomo. Na kwa vile ni mimi, sikuachia hapo. Nilichukua wanja nikaipaka nyusi mbili nene, zile tunazowapaka watoto wachanga, maana ilikuwa imeshakuwa na uso na uso mtupu unatisha. Nikachomeka sindano zote mbili kwenye sufu ya shingoni zisipotee, kwa sababu sindano za Mama Njoki ukizipoteza unapotea nawe. Nikaifunika na leso, nikaisukuma chini ya kitanda. Nikaenda kazini napiga mluzi.

Sasa, mchana ule ule Bi Nimwaka aliingia jikoni kupika samaki wa nazi, akakuta nazi zimekwisha. Akakumbuka kwamba asubuhi, akienda dukani, aliniona napita na moja.

Nilirudi jioni jua bado lipo, nina mahamri manne yaliyobaki, yamefungwa kwenye gazeti. Uani wamekaa wanawake watatu kwenye mkeka, Bi Nimwaka na majirani wawili, na katikati yao kuna ungo, na juu ya ungo kuna nazi yangu, imevaa sweta, nyusi zake vile vile. Hakuna aliyekuwa ameikaribia. Mkeka ulikuwa mtupu pande zote kama vile ungo una joto. Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni, tumbo la miezi saba, ameshika mwimo wa mlango.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyeitika. Bi Nimwaka akanyoosha kidole, mbali kidogo, asiiguse. "Nani huyu?"

Nimelirudia swali lile miaka kumi na mmoja. Nikiosha vyombo narudia, nikitembea narudia. Ningejibu nini? Ukweli ulikuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu ukweli ni kwamba yule alikuwa mtoto wa Mwanasha. Ningesema vile ningetolewa uani kwa mawe. Lakini sikuchagua, usinipe sifa. Mdomo wangu umezoea kutangulia.

"Mwanangu," nikasema. "Mbona hamnipi hongera?"

Jirani mmoja akasema astaghfirullah. Bi Nimwaka hakubadilika uso. "Na hizi sindano umemchoma shingoni kwa nini?"

"Zisipotee."

"Na wanja?"

"Apendeze."

"Na mkono wake mmoja uko wapi?"

Hapo nikasema kweli, nikidhani kweli itaniokoa. "Sijaushona, Bi Nimwaka. Nangojea kwanza mtoto azaliwe."

"Mtoto gani?"

Macho yangu yalikwenda mlangoni, kwenye tumbo, na wote watatu wakayafuata. Basi. Mimi ndani ya akili yangu naona sweta. Wao wanaona kichwa, nyusi, sindano mbili shingoni na mkono uliokatwa, vimefichwa chini ya kitanda ukuta mmoja na mwanamke mwenye mimba aliyekwisha kuzika mtoto. Ukiniuliza leo, ningekuwa mimi nimekaa kwenye mkeka ule, ningefikiri walivyofikiri. Mwanasha alinitazama muda mrefu. Hakupiga kelele. "Nilikwambia hili usilifanyie mzaha," akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango, na ule mlango kwa desturi haukufungwa mchana.

Nilieleza. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, baridi, muuguzi, Mama Njoki, kichwa kitapitia wapi, na kila nilivyoeleza nilisikia mwenyewe inavyozidi kuharibika. Bi Nimwaka akaniambia bila ukali, na afadhali angekuwa mkali, "Mwanangu, kusanya vitu vyako. Sisemi wewe ni mbaya. Lakini hapa siwezi kukuweka." Mwalimu wa chuo cha Kurani aliitwa akasoma kwenye maji, maji yakanyunyizwa vyumba vyote, changu cha kwanza. Nazi ilikwenda kutupwa baharini. Sweta, Bi Nimwaka alisema mbele ya wote, ataichoma kwa mkono wake. Nikaondoka na godoro kichwani. Mahamri sijui nani aliyala.

Nikahamia stoo ya Mama Njoki, nyuma ya hoteli, mimi na magunia ya unga. Miezi ile sikujielewa. Kuna siku nilikuwa na hasira nao, kuna siku nilikuwa nawaza labda ni kweli nimefanya jambo bila kujua, labda uchawi unaweza kumtoka mtu kama jasho. Nikimuuliza Mama Njoki anasema, "Wacha ujinga, ilikuwa nazi." Rahisi kwake. Usiku wa mimba ya Mwanasha si yeye aliyekuwa anausikia juu ya ukuta. Niliacha kufanya mzaha. Wateja wakaniuliza kama naumwa. Kila siku nilikuwa nahesabu wiki zake, na nilikuwa na dua moja tu, aje na akae. Maana kama asingekaa, mimi ndiye ningekuwa nimemuua, na hakuna sweta duniani ambayo ingenitetea.

Mvua ikaja. Habari niliipata kwa mteja wa chai, hata hakujua ananiambia mimi: mkwe wa Bi Nimwaka kapata msichana. Nilivunja vikombe viwili. Mvua ilikuwa ile ya kupiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono, na mimi nahesabu: siku ya tatu, ya nne. Siku ya tano sikuweza kula. Siku ya sita, asubuhi, nani anaingia hotelini, amelowa, buibui limemganda? Bi Nimwaka. Hajawahi kukanyaga pale maisha yake. Alinitazama, nikamwamkia, akaitika "marahaba" nusu, akampita kila mtu mpaka nyuma kwa Mama Njoki, ana kifurushi kwapani. Wakafunga pazia. Nikasogea nisikie, lakini mvua ilikula kila kitu. Nilisikia neno moja tu la Mama Njoki: "Hapa unafungua tu." Baada ya robo saa Bi Nimwaka akatoka na kifurushi chake, akaenda.

"Mtoto yuko hai?" nikauliza.

"Ako hai. Anakohoa kidogo."

"Alitaka nini?"

"Mambo ya wamama. Osha sufuria."

Kesho yake Mama Njoki alikuja na sweta yake imepungua kifungo cha juu. Nikamwambia, mzaha wangu wa kwanza kwa miezi miwili, "Mama, leo shingo inapunga upepo?" Hakucheka. Alisema kimeanguka kwenye unga, nikala mahamri kwa hofu wiki nzima.

Msichana akakaa. Siku tano zikawa kumi, kumi zikawa arobaini. Siku ya kutolewa nje nilinunua sabuni za mtoto na leso mpya, nikaenda. Bi Nimwaka alinipokea mlangoni, akachukua, akasema ahsante, Mungu akulipe, mtoto kalala. Nyuma yake nilimsikia Mwanasha akiimba. Nilisimama pale kama mtu wa kusoma mita. Kuna kitu Bi Nimwaka alitaka kuniambia, niliona mdomo wake umeanza, halafu nyuma akapita yule jirani wa astaghfirullah na ndoo, na mdomo ukafungwa. Nikaenda zangu. Mama Njoki miaka iliyofuata aliuza hoteli akarudi bara. Mimi nikajifunza kupika, nikapata kazi Diani, nikaolewa, nikaachika, hayo ni mambo mengine. Mzaha ulinirudia, lakini si kama zamani. Watu wanasema nimetulia. Ukweli ni kwamba kila neno la kuchekesha likinijia, kwanza naliangalia kama lina sindano.

"Ifungue," nikamwambia Mwanasha pale chumbani. "Mimi siwezi."

Akaikunjua juu ya magoti. Mkono ulikuwa umeshonwa. Ule niliouacha kwenye mfuko chini ya kitanda, ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, uzi wa kukunjia buibui, mishono midogo midogo ya mtu anayeona vibaya na hataki kuvaa miwani. Na shingo ilikuwa imefumuliwa upande mmoja, ikazungushiwa vizuri, kazi ya mkono mwingine kabisa, na pale palipofunguliwa kulikuwa na kifungo. Cha kahawia. Kikubwa kama sarafu.

Nilikiangalia nikaona pazia la hoteli, mvua, kifurushi kwapani, "hapa unafungua tu." Kifuani mwa sweta palikuwa na doa la manjano limekauka, doa ambalo kila mwanamke aliyewahi kumbeba mtoto mchanga analijua.

"Mwanasha. Hii imevaliwa."

"Naona."

"Ulimvisha wewe?"

"Mimi nilijua imechomwa, Mejumaa! Nikiwa kwenye arobaini ya uzazi mimi sikuwa natoka." Akaipapasa ile sweta. "Mama mkwe alikuwa anamchukua mtoto. Kila alfajiri mvua ikinyesha, anakuja, anasema lete mtoto nikamchue mafuta, wewe lala. Anamrudisha jua likishapanda. Mtoto anarudi ana joto kama mkate. Mimi nikadhani ni mafuta."

"Mbona hakutuambia?"

"Sijui."

"Miaka kumi na mmoja!"

"Sijui, nakwambia. Alisema mbele ya watu ataichoma, angeniambiaje tena kwamba amemvisha mjukuu wake?" Akafuta macho kwa ncha ya leso, akawa kama anayetaka kukasirika lakini hajui amkasirikie nani, na mimi vilevile. Yule mama alinifukuza, na yeye ndiye mtu pekee aliyeniamini. Aliniamini kimya kimya, peke yake, kwa uzi mweusi. Mtu kama huyo unamlilia au unamgombeza? Nilitaka vyote viwili, na kaburi lake bado bichi.

Sikujua la kufanya na mikono, na mikononi nilikuwa na nazi. Sikufikiri. Nilichukua sweta, nikafungua kifungo, nikaivisha nazi. Ikaingia tumboni, ikapanda, ikafika shingoni, ikapita. Ilipita laini, haikugusa hata nyusi, kama ingekuwa nazo. Nikafunga kifungo. Mwanasha akatoa sauti, nikadhani analia, kumbe anacheka, ile ya darasa la nne ya kuficha uso kwenye dawati, mabega yanatetemeka, na matangani, na watu uani wanasikia.

Pazia likasogea. Alikuwa Rehema, binti yake, miguu mirefu, mkono wake mmoja umejaa unga. "Mama, wanauliza kuna nazi moja ime..." Akaiona mapajani kwangu, imevaa chungwa na kijani. Akanyoosha kidole, mbali kidogo, kama alivyonyoosha bibi yake.

"Nani huyu?"

Maneno kumi yalinijia ulimini, yote ya kuchekesha. Nikayaangalia moja moja, nikayaacha. Nikamtazama Mwanasha.

"Wewe," Mwanasha akamwambia. "Ulipokuwa bado hujaja. Shangazi yako Mejumaa alikuwa anakupima kichwa."

Rehema akaitazama nazi, akanitazama mimi, akajishika kichwa chake. "Na nazi yao je? Wanaingoja."

"Kawaambie wakune nyingine," Mwanasha akasema.